Shibiri ya Matabishi

Haya yote ni kweli tupu, na safari hii siapi kwa Mungu, maana majirani wanasema Mungu amechoka na mimi. Nimeweka rehani kiti changu. Ni kile cha turubai, cha kukunja, chenye mikono ya mbao, ambacho sijamwachia mtu kukikalia tangu nilipoacha kuendesha kamio la mizigo kati ya Kasongo na Kabambare. Yeyote atakayekamata uongo ndani ya habari hii akichukue, aende nacho kwake. Ile ya mamba aliyenisaidia kusukuma kamio kwenye matope ni habari nyingine. Ile sikuiwekea kiti.

Hii ni ya nyumba ya Salomon, aliyekuwa na duka la nguo kwenye avenyu yetu, na mke wake Emilienne. Inaanzia siku Isidore, kaka yake Emilienne, alipofika kutoka Kabambare juu ya pikipiki, matope yamempanda mpaka masikioni, akiwa amebeba kuku aliyekufa njiani kwa kuchoka na safari.

Emilienne alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka hospitali. Daktari alimwita Salomon koridoni akamweleza kwa upole, na Salomon akamshukuru kama mtu aliyepewa zawadi, kwa sababu ndivyo alivyozoea kumjibu kila mtu aliyevaa nguo nyeupe safi.

Isidore alinawa, akaketi kando ya kitanda, akashika mguu wa dada yake juu ya shuka. Akaletewa bukari ya moto na mboga ya sombe. Akala. Alipomaliza akamgeukia shemeji yake.

"Salomon, nguo iko wapi?"

"Nguo gani, shemeji?"

"Usinichezee. Nguo ya kumuaga dada yangu."

Katika ukoo wao, mume humkatia mke wake nguo nyeupe ya mwisho, mke angali na macho ya kuiona. Haishonwi. Hukatwa kwenye jora, juu ya meza, mkasi ukisikika. Nguo ya sokoni, ile iliyotandikwa chini na watu wakairuka kwenda kununua samaki, haikubaliki. Wanasema nguo iliyorukwa huleta kurukwa: watoto wa marehemu watarukwa kwenye kila mgao, na wajukuu baada yao.

"Nitaitafuta," Salomon alisema.

"Ataitafuta! Munamusikia? Mutu aliyevalisha wanawake wote toka hapa mpaka Lualaba, leo nguo ya muke wake anaitafuta! Muuza chumvi anakula mboga ya maji!"

Estelle, binti yao, aliyekuwa akitwanga nyuma ya nyumba, aliacha kutwanga, akaja mlangoni na mchi mkononi. "Mjomba, duka lilifungwa. Unajua."

"Duka lilifungwa, na mikono yake ilifungwa?"

Hapo Emilienne akafumbua macho. Sauti ilikuwa imebaki ndogo, lakini ulimi wake haukuwa mgonjwa.

"Isidore, wacha mume wangu. Weye muke wako ulimuzika na nini?"

Kuku nje wakasikika wakichakura. "Na pazia," Isidore akasema. "Tulikuwa tunakimbia vita. Ndiyo maana ninauliza."

Emilienne akamtafuta mumewe kwa mkono juu ya shuka, akampata.

"Baba Estelle, unikatie weye mwenyewe. Nataka nisikie ule mkasi. Na ujue nitasema lile neno."

"Neno gani?"

"Ona anavyojifanya! Unalijua."

Alilijua. Sisi wote tuliopita kwenye duka lile tulilijua. Desturi ya Salomon ilikuwa hii: akishamaliza kukupimia, anafungua mkasi, anangoja. Wewe unasema, "Ongeza." Hapo anatandaza kiganja chake, kidole gumba mpaka kidole kidogo, anaongeza shibiri moja ya matabishi, nyongeza isiyolipiwa, ndipo anakata. Usiposema, hupewi. Hakumpa bila kuombwa hata padri. "Matabishi inaombwa," alikuwa akisema. "Mutu anaomba kwa sababu anajua yuko kwao."

Kuna msichana mmoja zamani alikataa kuomba. Alisimama mbele ya meza, shingo ndefu, mdomo umefungwa, na Salomon naye akakataa kukata. Mkasi ulibaki wazi. Wanunuzi walipanga mstari mpaka nje, wakaanza kutukana. Ninavyojua mimi mstari ulifika kwenye kivuko cha Lualaba. Mwishowe msichana akasema "Ongeza," kwa sauti ya mbu. Salomon aliwaambia rafiki zake kwamba siku ile alisikia neno jingine. Akapeleka mahari Kabambare mwaka huohuo, na Isidore, aliyekuwa kijana wakati ule, akahesabu mbuzi mara mbili.

*

Asubuhi Salomon alivaa shati la mikono mirefu, akafunga vifungo vyote, akashika avenyu.

Vijana hawajui avenyu ile ilikuwa nini. Wanaona milango ya chuma yenye kutu na majani yanayoota kwenye ngazi. Sisi tulikuwa tunavaa viatu kwa ajili ya kwenda pale. Jumamosi wanawake walipita duka kwa duka wakishika kitambaa hiki, wakiachia, wakishika kile, bila kununua kitu. Ukiwauliza wanafanya nini, walijibu, "Tunasalimia nguo." Na wenye maduka waliitikia salamu.

Kwa Mgiriki palinuka samaki wa chumvi na mafuta ya taa. Sasa pamekuwa kanisa la maombi, lina spika kubwa kuliko mlango. Jean-Baptiste, mchungaji wa pale, alimpokea Salomon kwa mikono miwili. Akamwombea kwa nguvu mpaka jasho likamtoka, lakini nguo hakuwa nayo.

Kwa Amisi paliuzwa manukato, kofia na vibao vya shule. Akimaliza kupima sukari, Amisi aliwaachia watoto walambe kijiko. Wezi waliiba dukani kwake, akafungua tena; wakaiba tena, akafungua tena. Mara ya tatu alikaa nje ya mlango uliovunjwa, akacheka sana, akaenda nyumbani kwake, hakurudi. Mle ndani sasa kuna kijana anaitwa Josué, ananunua dhahabu ya wachimbaji wa Lusangi kupitia dirisha lenye nondo. Salomon aliweka uso kwenye nondo.

"Mutoto wangu, kwenye depo ya nyuma mulikuta majora? Ya merikani? Hata kipande?"

"Papa, hapa tunanunua tu. Hatuuzi." Kisha akatazama shati la Salomon lilivyofungwa vifungo. Akaongeza, "Samahani, papa."

Kwenye duka la mikate wanalala mbuzi. Salomon hakuwauliza kitu, lakini mtu aliyemwona anasema alisimama pale akavuta pumzi kwa pua, mara kadhaa, kisha akaendelea.

Duka lake mwenyewe halikuibiwa wala kuchomwa, na labda ndiyo sababu halikuliliwa na mtu. Barabara ilikula makamio. Mimi nilikuwa ninamletea majora, na siku kamio langu lilipolala kwenye shimo likakataa kuamka, nilimletea habari badala ya nguo. Baadaye zikaja pikipiki na nguo zilizokwisha kukatwa, zimekunjwa ndani ya plastiki, rahisi. Wanawake wakazinunua. Walipopita mbele ya Salomon na plastiki zao walivuka barabara, wapite upande wa pili, wasimsalimu. Hawakumchukia. Walikuwa wanaona haya. Siku moja ya kawaida akatia kufuli, na watu walikuja kugundua shule zilipofungua, walipotaka kitambaa cha sare.

Sokoni, Clémentine, muuza nguo aliyekuwa ametandika turubai lake karibu na wauza dagaa, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Papa Salomon, ninayo nyeupe. Nzuri. Nitaipandisha juu ya meza ya jirani, wewe unaikata hapo. Nani atajua ilikuwa chini?"

Salomon aliishika ile nguo. Aliisugua kati ya vidole viwili, akaiweka karibu na sikio kama anavyofanya mtu wa kazi ile, asikie nyuzi. Ilikuwa nyembamba, imetiwa wanga ionekane nzito.

"Yeye atajua," akasema, na akaikunja vizuri zaidi ya alivyoikuta.

*

Palibaki mlango mmoja, na ndio alioukimbia tangu asubuhi. Duka lake.

Amelipanga Kavira, mama mmoja wa kutoka Butembo, anauza vipuri vya pikipiki na chaja za simu. Meza ndefu ya Salomon bado ipo. Kavira ameiacha kwa sababu haikupita mlangoni. Salomon aliingia, akasalimu, na hapo miguu yake ikamsaliti. Mkono uliinua kile kipande cha meza chenye bawaba, miguu ikapita, ikamsimamisha nyuma ya meza, mahali pake. Mwendesha pikipiki mmoja aliyekuwa akingoja akamwambia, "Muzee, nipe buji moja, pikipiki haiwaki."

Salomon akageuka kutazama rafuni.

"Papa," Kavira akamwita kutoka kwenye kiti chake, "wanunuzi wanakaa upande ule."

"Ndiyo. Samahani, mama." Akatoka. Masikio yake yaliwaka. Akasimama upande wa wanunuzi, ambako hakuwahi kusimama maisha yake yote, na kwa kuwa hakutaka mtu amwone macho, akatazama juu.

Juu kulikuwa na dari. Mwaka aliofungua duka, bati lilikuwa likidondosha kutu juu ya nguo, kwa hiyo Salomon alichukua jora moja la merikani, ile nzito ya zamani, akalitandaza chini ya bati kutoka ukuta mpaka ukuta, akalipigilia kwa vipande vya mbao. Hakulikata. Ncha ya jora aliizungusha kwenye boriti ya nyuma. Bado ilikuwa pale, imeviringwa, imepauka kama chai.

"Mama Kavira, ninaomba dari yako."

"Unaomba nini?"

Akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, akarudi kwa daktari, akaenda kwa nguo iliyorukwa. Yule mwendesha pikipiki alisahau buji yake. Kavira alisikiliza akiwa ameshika kinywa.

"Mama yangu alikufa mwaka jana," akasema. "Njia ilikuwa imefungwa. Nilimuzika kwa simu. Yaya yangu, dada yangu mukubwa, alishika simu juu ya kaburi, nikasikia udongo ukianguka. Kisha mtandao ukakatika." Akainuka. "Lakini dari ikitoka, popo na kutu vitaanguka juu ya mali yangu. Ninalia na weye, papa. Chaja hazijui kulia."

"Nitakuletea turubai."

"Uko nayo?"

"Iko."

Alikuwa nalo, kweli. Lilikuwa juu ya nyumba yake, limefunika bati lililotoboka, sawasawa juu ya chumba cha Emilienne. Salomon alipanda akalifungua mwenyewe. Estelle alishika ngazi, akisema, "Baba, tuko kwenye miezi ya mvua," na baba akijibu, "Nimeona, mama, nimeona," bila kutazama mbingu.

Kavira ndiye aliyepanda juu ya meza kung'oa misumari, kanga yake ameifunga kiunoni. Nguo iliposhuka ilishuka na vumbi la miaka yote ile, na mavi ya popo, na panya mmoja mzee mwenye ndevu nyeupe, ambaye alitutazama sisi tuliosimama mlangoni, akasalimu, akatoka kwa mlango kama mnunuzi. Kiti kipo, sijasahau.

*

Isidore aliipokea nguo ile uani kama hakimu.

"Hii ni nini? Iko na rangi ya chai."

"Merikani."

"Inanuka popo."

"Itafuliwa."

"Dada yangu azikwe na dari! Miye nilizika na pazia, weye unazika na dari. Kesho mutoto wako atazikwa na mlango."

Salomon alikuwa amevumilia tangu jana. Alikuwa mtu wa kuvumilia. Kazi ya dukani ni hiyo, nusu yake. Lakini sasa alichukua mkono wa shemeji yake, akauweka juu ya kitambaa, akaukandamiza pale.

"Shika vizuri. Hii haikukatwa. Ni jora, ncha yake ile pale. Na haikurukwa na mutu. Watu wote wa Kasongo wamepita chini yake. Wakubwa, wadogo, askari, wezi, wote walipita chini yake. Emilienne alisimama chini yake siku aliyokataa kuniomba matabishi. Niambie nguo gani imeheshimiwa kupita hii."

Isidore hakuondoa mkono. Aliusogeza kidogo mbele, kidogo nyuma. Kutoka chumbani ikaja sauti ndogo.

"Imefika?"

"Imefika, mama Estelle."

"Nyeupe?"

Salomon na Isidore wakatazamana.

"Nyeupe," Isidore akajibu. Kisha akasema chini kwa chini, "Kaifueni."

Salomon na Estelle waliipeleka mtoni na sabuni ya mawese. Nguo ile ilikuwa ndefu. Ilipolala ndani ya maji watu wa ng'ambo walidhani ni barabara mpya, wakaanza kuvuka. Walisugua mpaka mikono ikachubuka. Rangi ya chai ilitoka, ikabaki rangi ya maziwa, na alama za misumari pembeni, mstari wa vidoto vya kutu ambavyo havikutoka. Wakaianika uani, juu ya uzio, kutoka jikoni mpaka chooni na kurudi, mahali ambapo Emilienne angeiona kupitia mlango. Walimnyanyua kwa mito. Alitazama muda mrefu.

"Unakumbuka watu walivyotukana?" alimwuliza mumewe.

"Mmoja aliniita mbuzi."

"Yule alikuwa baba yangu."

Walicheka wote wawili, yeye kwa mdomo, Emilienne kwa mabega tu. Kisha wingu likaja kutoka upande wa Lusangi, jeusi, haraka kama lina deni. Salomon akakimbia uani, akakusanya nguo yote mikononi, akarudi nayo kabla tone halijaigusa. Wakang'oa mlango wa nyumba wakaulaza juu ya viti viwili, ukawa meza. Akapima kwa mkono wa Isidore, kama inavyotakiwa. Akafungua mkasi wake wa zamani, akangoja. Na Emilienne, akiwa ameegemea mito yake, akainua kidevu, akasema kwa sauti ambayo ilisikika mpaka barabarani:

"Ongeza!"

Mkasi ukaita. Emilienne akafumba macho akitabasamu, akaenda.

*

Nilipofika hapo nilikuwa ninawasomea majirani karatasi zangu kwenye baraza, jua likiwa bado liko juu. Aziza, mke wa fundi baiskeli, alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Nilijisikia vizuri. Nikajinyoosha kwenye kiti.

Sikumwona Estelle. Alikuwa amesimama kwenye kona na beseni la sombe kichwani, akipita kwenda sokoni. Sijui alisimama tangu lini.

"Baba Alimasi," akaniita. "Soma tena hapo mwisho."

"Wapi, binti?"

"Pale mama anasema."

Nikasoma, lakini sauti yangu ilikuwa imekwisha kupungua. Estelle aliteremsha beseni, akaliweka chini.

"Panya ninakuachia," akasema. "Watu wa ng'ambo waliovuka juu ya nguo, nao ninakuachia. Mstari mpaka Lualaba, haya. Lakini hapo, baba, miye nilikuwa ndani. Weye ulikuwa nje, unashika uzio. Mama hakusema neno lile."

Hakuna jirani aliyecheka. Hata wale ambao siku zote wananikamata hawakucheka.

"Binti, nilitaka tu…"

"Ninajua ulichotaka. Baba yangu naye anataka hivyohivyo kila siku. Andika ilivyokuwa."

Basi, niandike ilivyokuwa.

Wingu lilikuja kweli. Matone ya kwanza yalikuja pamoja nalo, makubwa, na turubai halikuwapo juu ya bati, kwa hiyo mvua iliingia chumbani sawasawa kama ilivyoingia uani. Salomon alikuwa ameketi kitandani. Alisimama, na akabaki katikati ya chumba. Nguo ilikuwa inaloa nje. Maji yalikuwa yanadondoka juu ya shuka. Alishika beseni, akaliachia, akalishika tena. Emilienne ndiye aliyemtuma. Alisema, "Kimbilia nguo." Hayo ndiyo maneno aliyosema.

Akakimbia. Estelle alisogeza kitanda peke yake, akisukuma kwa goti. Uani, nguo ile ndefu ilikuwa imejifunga kwenye uzio, na upepo ukiivuta, na Salomon aliogopa kuivuta isichanike. Mimi na Isidore tulikuwa tunafungua upande mmoja, Salomon upande wa pili. Tuliifungua polepole, kwa heshima, kama tulivyofikiri inafaa. Salomon alisimama kwenye mvua akiikunja kifuani kwake, mkunjo juu ya mkunjo, kama anavyokunja muuza nguo, kwa maana mikono yake haikujua namna nyingine. Ungesema ana mnunuzi mbele yake.

Aliporudi ndani, Estelle alikuwa amekaa chini kando ya kitanda, ameshika kikombe. Alikuwa hajalia bado. Alimtazama baba yake na lile bunda la nguo mikononi, akatikisa kichwa, mara moja.

Salomon hakuweka nguo chini. Hata wakati ule hakuiweka chini. Alisema, "Emilienne, nimeifikisha." Akasema tena.

Tuling'oa mlango. Hilo ni kweli. Tuliulaza juu ya viti karibu na kitanda, tukamwacha Emilienne macho wazi kidogo kama yalivyokuwa, kwa sababu Isidore alisema waache, aone. Salomon alitandaza. Nguo ilikuwa mbichi pembeni. Alipima kwa mkono wa Isidore, kutoka kwenye kiwiko mpaka vidole, akirudia, midomo yake ikienda. Alipofika akaweka alama kwa ukucha. Akafungua mkasi.

Na akangoja.

Alimtazama mke wake, mkasi umefumbua mdomo juu ya nguo, akangoja kama alivyongoja siku ile ya zamani, kama mtu ambaye anajua mnunuzi ni mkaidi lakini ataomba tu. Mvua ilipungua juu ya bati. Maji yaliendelea kudondoka ndani ya beseni. Estelle alisema, "Baba." Hakusikia. Mkasi ukawa unalia wenyewe, kidogo kidogo, bila kukata. Nilitaka kusema mimi. Nimesema maneno mengi katika maisha yangu ambayo hayakuhitajika, na lile moja halikunitoka.

Isidore aliyemhesabia mbuzi mara mbili, Isidore wa pazia, alikuja akasimama upande wa wanunuzi, ng'ambo ya ule mlango. Akavua kofia yake.

"Ongeza, shemeji," akasema. "Ongeza. Huyu yuko kwao."

Salomon akatandaza kiganja, kidole gumba mpaka kidole kidogo. Akakata.

*

Estelle alinisikiliza nikisoma hayo siku nyingine, mbele ya majirani walewale, kwa kuwa walinilazimisha. Alipoona nimefika mwisho, alikuja akasimama mbele yangu, akangoja. Nikainuka. Nikakikunja kiti, nikampa.

Baba yake siku hizi anakwenda avenyu kila asubuhi, vifungo vyote vimefungwa, anasimama mbele ya duka lake upande wa nje. Hamsumbui mtu. Kavira alimtolea kopo la mafuta akalie, akakataa. Alisema mwenye duka hakai chini wakati wanunuzi wamesimama. Labda cha turubai, chenye mikono, atakikubali. Ni kiti cha heshima. Nilikinunua kwa Mgiriki.

Estelle alikitia kwapani. Nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Alibaki amesimama, shingo ndefu, akinitazama, na majirani wote wakanigeukia, kwa sababu waliona kabla yangu anachongoja.

"Baba Alimasi," akasema. "Ongeza."

Nikaingia ndani, nikamletea na mto wa kiti.